Mihogo, Kabro na Sherehe ya Siku Moja

Kuna aina ya uandishi ambayo sisi Wakenya tunaisoma karibu kila wiki, na hatujawahi kuiita uandishi. Ni ripoti ya maendeleo ya ujenzi. Waziri amevaa kofia ngumu na koti la kung'aa, nyuma yake tingatinga limesimama, mkandarasi ananyoosha kidole kwenye ramani, halafu mtu anataja asilimia. Kazi imefika asilimia fulani. Itakamilika kabla ya tarehe fulani. Wiki mbili baadaye picha ni ile ile, kofia ile ile, asilimia tu ndiyo imepanda. Hadithi hii ina wahusika, ina vikwazo vyake (mvua, korti, vifaa vimekwama bandarini), na ina kilele ambacho kila msomaji anakijua tangu mstari wa kwanza: utepe utakatwa. Ukurasa wa baada ya utepe ndio hauandikwi kamwe.

Nataka kuusoma ukurasa huo, na nimechagua Mama Ngina, ile bustani ya Mombasa inayotazama mlango wa bahari wa Kilindini, na Likoni ng'ambo. Ilikarabatiwa mwaka 2019 kwa gharama iliyotangazwa ya shilingi milioni 460, kwenye eneo la ekari 26 hivi. Oktoba 20 mwaka huo huo, Siku ya Mashujaa, Rais Uhuru Kenyatta akaongoza sherehe za kitaifa papo hapo. Kati ya kumaliza na kusherehekea hapakuwa hata na nafasi ya kuvuta pumzi. Kabro bado inang'aa, nyasi bado hazijashika udongo, na tayari nchi nzima inaitazama kwenye runinga.

Niseme mapema, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu: ukarabati ulihitajika. Mama Ngina ya zamani tuliipenda, lakini mapenzi hayazibi ukuta uliopasuka. Giza likiingia kulikuwa na sehemu ambazo msichana hakupita peke yake. Leo kuna taa, kuna njia pana ya kutembea, na ukienda alfajiri utakuta akina mama wamevaa buibui na raba wanapiga hatua za haraka, wawili wawili, wakimjadili mkwe fulani ambaye hayupo kujitetea. Hilo ni jambo kubwa. Anayeona taa ni pambo tu hajawahi kuwa dada wa mtu anayerudi nyumbani saa mbili usiku.

Lakini kukubali kwamba taa ni nzuri si sawa na kukubali kwamba bustani imesomwa vizuri na walioijenga. Mimi nadhani hawakuisoma. Walisoma tarehe.

Tuanze na mahali penyewe. Kabla ya kuitwa Mama Ngina, barabara hii iliitwa Azania Drive, jina ambalo wakoloni walilichota kwenye vitabu vya Wagiriki wa kale waliouita hivyo mwambao wetu. Baada ya uhuru ikapewa jina la mke wa rais wa kwanza. Ukienda kaskazini, Bamburi, ufuo wa umma ambao wengi tunauita Pirates jina lake rasmi ni Jomo Kenyatta. Kwa hiyo sehemu mbili mashuhuri ambako mtu wa Mombasa asiye na pesa anaweza kukaa mbele ya bahari bila kuulizwa na askari wa hoteli anaenda wapi, moja ni ya mume na nyingine ni ya mke, wote kutoka bara. Sina ugomvi na ndoa ya watu. Nashangaa tu kwamba Mombasa yenyewe, yenye washairi na mashujaa wake chungu nzima, haikupata hata jiwe moja la ufuoni la kuliita kwa jina la mwanawe.

Na chini ya majina hayo kuna mji. Upande huu wa kisiwa ndiko ulikokuwa Tuaca, mji wa Wakilindini, kabla wenyewe hawajahamia Mji wa Kale. Wareno nao waliacha ngome yao ndogo hapo, Fort St. Joseph, ambayo watalii wengi hawaijui kwa sababu Fort Jesus imemeza sifa zote. Halafu kuna mibuyu, minene, yenye makovu, ambayo ilikuwa mizee hata kabla ya Azania Drive. Jirani kuna kilabu cha gofu kilichoanzishwa mwaka 1911, kimekalia mwamba wake mzuri juu ya bahari, na Ikulu ya Mombasa haiko mbali. Ukiitazama ramani vizuri utaona kwamba Mama Ngina ni kipande kilichobaki baada ya wakubwa kuchukua vyao. Ndiyo maana kila kinachofanywa hapo kina uzito kuliko kinavyoonekana.

Sasa, watu wa Mombasa walikifanya nini kipande chao? Walikifanya baraza.

Kwa wasiokuwa wa pwani: nyumba ya Kiswahili ina baraza nje ya mlango, kikao cha mawe au saruji kilichoshikana na ukuta, na hapo ndipo dunia inapokutana na nyumba. Mpita njia anakaa. Mzee anasoma gazeti ambalo si lake. Kahawa chungu inapita. Hujaalikwa ndani, na wala hujafukuzwa. Hapa Lighthouse, maana wengi wetu hatusemi Mama Ngina hata leo, palikuwa baraza la mji mzima. Jioni magari yanaegeshwa pua zikitazama bahari, buti zinafunguliwa, watoto wanapanda ukutani, na mama anaagiza mihogo ya kuchoma iliyopasuliwa katikati na kujazwa pilipili na ndimu. Kachri za muhogo kwenye karatasi. Madafu. Ubuyu uliopakwa rangi hadi ulimi wako unakusaliti nyumbani. Kisha meli inaingia. Hiyo ndiyo sinema. Meli ya makontena, ndefu kama mtaa, inapita karibu hadi unamwona baharia amesimama pembeni, na kila mtoto anampungia mkono. Sijui mji mwingine Kenya ambako biashara ya dunia inapita mbele yako ukiwa umevaa ndara.

Baraza halihitaji programu. Halina saa ya kuanza. Hakuna anayekaa barazani kutazama jukwaa, kila mtu anatazama upande anaotaka. Hapo ndipo ninapoachana na wabunifu wa 2019.

Tazama lango. Bustani ilipewa malango makubwa yenye mtindo wa Kiswahili, na watu wengi wameyasifu. Mimi pia nilipoyaona mara ya kwanza nilitoa simu. Lakini fikiria mlango ni nini katika usanifu huu wanaouiga. Mlango wa Kiswahili ni mpaka. Mpaka kati ya barabara na sitara, kati ya watu wote na watu wa nyumbani. Ukishauvuka unaingia daka, kisha ndani zaidi, na kila hatua inataka ruhusa mpya. Ndiyo maana baraza likawekwa nje. Ni heshima kwa yule ambaye hataingia. Ukienda kuweka mlango wa aina hiyo mbele ya uwanja wa umma, umesema kitu, hata kama hukukusudia. Umesema huko ndani kuna mwenyewe. Wameazima mlango, wameacha baraza. Ni kama mtu aliyependa kilemba cha babu akakivaa kiunoni.

Halafu kuna uwanja wa ngazi, ule wa maonyesho. Kwa nini pahali ambapo bahari ndiyo onyesho panahitaji jukwaa? Jibu langu ni Oktoba 20. Mgeni rasmi anahitaji mahali pa kusimama na sisi tunahitaji mahali pa kumtazama. Bustani ikishajengwa hivyo inakugeuza hadhira hata kama ulikuja kula muhogo.

Na hili si la Mombasa peke yake. Tangu sherehe za kitaifa zianze kuzungushwa nje ya Nairobi, kalenda ndiyo imekuwa mbunifu wetu mkuu wa majengo. Mashujaa ilikwenda Kakamega 2018, Bukhungu ikaguswa. Mombasa 2019. Kisii 2020, Gusii ikavaa viti vipya. Kirinyaga 2021, Kericho 2023. Madaraka nayo ikaenda Bungoma 2024 na Homa Bay 2025. Kila mara ni mbio zile zile, trekta usiku na mchana, na wenyeji wakiombea rais asiahirishe, maana akiahirisha rangi itakauka nusu. Siwalaumu wanaoishangilia hii. Kama njia pekee ya kupata uwanja ni rais kuja kuhutubia, basi rais aje hata kila mwezi. Ila viwanja vya mpira vinaweza kuvumilia kuharakishwa kuliko bustani. Uwanja wa mpira una mistari, unajua unachotaka. Bustani inataka kuangaliwa mwaka mzima kwanza, kaskazi na kusi, mfungo na Idd, mvua ya masika, ili ujue watu wanakaa wapi kabla hujawapangia pa kukaa.

Mfano wa wazi ni jua. Mombasa, saa nane mchana, jua si hali ya hewa, ni mpangaji. Linaamua nani atakaa wapi. Nenda Mama Ngina Jumanne saa hiyo na utazame. Benchi zimepangwa kwa nidhamu kubwa, na kuna zilizopangwa juani. Kabro inarudisha joto juu kama karai. Watu wote, nasema wote, wako chini ya mibuyu na miti ya zamani, wamejibana kwenye mizizi, wakati viti vilivyonunuliwa kwa pesa ya umma vimekaa vitupu kama vya harusi iliyoharibika. Siku ya sherehe jambo hili halionekani. Siku ya sherehe kuna mahema.

Wachuuzi je? Ujenzi ulipoanza waliondolewa. Ukiisikiliza lugha ya miradi, mchuuzi huhesabiwa pamoja na vifusi, kitu cha kusogezwa ili kazi ianze, na akirudi inasemwa amepewa nafasi, kana kwamba nafasi haikuwa yake. Ilhali ukiondoa muhogo pale Lighthouse unabaki na nini? Unabaki na upepo mzuri na sababu ya kukaa dakika kumi. Muhogo ndio unaofanya dakika kumi ziwe saa mbili. Muuza mihogo ni kiti, ni taa, ni askari wa doria, ni kituo cha habari. Nilimuuliza mama mmoja anayeuza hapo kama biashara imekuwa bora tangu ukarabati. Akanitazama vile mtu mzima wa pwani anavyomtazama mtoto aliyeuliza swali la kizungu.

"Mwanangu, watu wamezidi. Kivuli hakikuzidi."

Sijasoma tathmini ya kitaalamu inayoishinda hiyo.

Ng'ambo ya bahari, Unguja, kuna ukarabati mwingine ambao napenda kuulinganisha na wetu. Forodhani. Nayo ilizaliwa na sherehe: bustani ile ilitengenezwa miaka ya 1930 kwa ajili ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Harub. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulipoikarabati, kazi ilianza Januari 2008 na bustani ikafunguliwa tena Julai 2009. Sehemu kubwa ya akili na pesa ilikwenda kwenye kitu ambacho hakipigwi picha: ukuta wa bahari. Mifereji. Mitaro ya maji. Na wauza chakula, ambao ndio roho ya Forodhani usiku, waliwekwa ndani ya mchoro badala ya pembezoni. Sina haja ya kuipamba. Bei za vyakula vingine pale zinamlenga mgeni mwenye dola, na mwenyeji anayajua mabanda ya kuyakwepa. Ila nenda jioni bahari ikijaa uone vijana wanavyoruka makachu kutoka ukutani. Wanakuja mbio, wanajirusha, mmoja kajikunja, mwingine kichwa chini, umati unapiga kelele. Ukuta haukujengwa kwa ajili hiyo. Lakini pia haukujengwa kwa namna ya kuizuia, na watu wakaupata.

Hicho ndicho ninachokitafuta Mama Ngina, na haki ya Mungu nakiona kikianza. Ule uwanja wa ngazi niliousema vibaya, jioni nyingi hauna onyesho lolote. Kwa hiyo watu wameuteka. Wapenzi wamekaa ngazi ya juu kabisa, mbali na macho ya mashangazi. Wanafunzi waliovaa majoho ya mahafali wanapiga picha. Kijana mmoja anarekodi TikTok mara kumi na mbili na bado anakosea hatua ile ile. Wazee wawili wamekalia jukwaa lenyewe, miguu inaning'inia, wamelipa kisogo eneo la hadhira na kuitazama bahari. Yaani wamelifanya jukwaa kuwa baraza.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kuiandika bustani hii bila kulitaja. Kutoka ukutani, ukigeuza shingo kulia, unaziona feri za Likoni zikivuka. Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee na kuzama, ndani yake mama na bintiye mdogo. Ilichukua hadi Oktoba 11 kulitoa. Siku kumi na tatu mji huu ulisimama ukingoni ukitazama maji. Siku tisa baada ya gari kutolewa, sherehe za Mashujaa zikafanyika kwenye mlango huo huo wa bahari, kwenye bustani mpya. Sisemi bustani iliwaua, wala sisemi pesa zile zingenunua feri. Hesabu za namna hiyo ni rahisi mno. Ninachosema ni kwamba mradi wa kukarabati mahali pa kutazama maji haya ulikwisha kwa wakati, hadi siku yenyewe, wakati mradi wa kuyavuka salama ni ahadi tunayoisikia tangu feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 1994 na watu 272 wakafa. Mandhari ina tarehe ya mwisho. Abiria hana.

Na labda ndiyo sababu ukarabati ule uliongozwa na Wizara ya Utalii, si na watu wa uchukuzi wala wa makazi. Waziri alikuwa Najib Balala, mtoto wa Mombasa, na siamini hata kidogo kwamba hakuijua mihogo ya Lighthouse. Lakini wizara ina macho yake. Macho ya utalii humwona mtu anayekuja, anayepiga picha na kuondoka. Hayamwoni mtu aliyekuja jana, atakayekuja kesho, asiye na kamera wala safari, ambaye amekuja tu kwa sababu chumba chake Majengo ni cha moto na watoto wanapiga kelele. Huyo hawezi kuingia kwenye ripoti ya maendeleo. Hana asilimia.

Kama ningepewa nafasi ya kuandika ripoti moja tu, ya ule ukurasa usioandikwa, ningeanza na maswali ya kishamba. Nyasi zinamwagiliwa na nani, na bomba liko wapi? Taa ikiungua, inachukua siku ngapi? Choo kinafungwa saa ngapi, na ufunguo anao nani? Mti gani umepandwa tangu 2019 ambao leo unaweza kumfunika hata mtoto mmoja? Maswali haya hayana utepe, na hakuna rais atakayesafiri kuja kuyajibu. Yule mama wa mihogo ana majibu ya mengi. Anajua kivuli cha mbuyu mkubwa kiko wapi saa nne asubuhi na kinafika wapi saa tisa, kwa sababu jiko lake huhama nacho. Jumanne ile niliyokaa naye alihama mara tatu. Kila akihama wateja wanasimama, wanabeba sahani zao, wanamfuata, wanakaa tena chini, na benchi za umma zipo hatua tano tu kutoka hapo, tupu, zinawaka.